Shahidi wa Juu ya Paa

Jumatatu, 2 Machi

Dada Wakili,

Shikamoo. Usianze kuuliza kama tuko wazima. Ningekuwa mgonjwa ungeandikiwa na mtu mwingine, tena mwenye mwandiko mzuri. Mama yuko kwenye cherehani yake, mimi niko kama unavyonijua, nazidi kupendeza. Mnara wa simu bado umelala chali tangu ile tufani, na mbuzi wa jirani wamegundua kuwa unapandika. Kwa hiyo tumerudi kwenye kalamu. Barua hii inakuja na dereva wa lori la magodoro, ambaye kila wiki hupita huko kwenu. Nimemwambia wewe ni hakimu, ili asiifungie sabuni.

Sasa kaa chini. Mdogo wako ameingia chuo cha sheria.

Kilekile chako. Tofauti ni kwamba ninyi mliingilia mlangoni, mimi nimeingilia juu. Fundi mkuu amenichukua kwenye kikosi cha kuezeka upya ule ukumbi mkubwa, na tangu wiki iliyopita niko juu kwenye mbao za kenchi na nyundo yangu. Wewe umesoma pale miaka miwili, na juu ya ukuta hujui kuna nini. Mimi najua. Kuna viota, kuna mpira uliopasuka, kuna kiatu cha mtu cha mguu wa kushoto. Ukitaka kusomea mambo hayo njoo nikufundishe.

Chuo chenyewe usikione. Tufani ilichukua lile paa kama mtu anavyofunua sufuria kuonja mchuzi, halafu ikasahau kurudisha mfuniko. Vitabu vya maktaba vimeanikwa kwenye nyasi na mlinzi anavigeuza kwa fimbo. Masjala ndiyo kabisa. Makaratasi ya matokeo yamegandana, ukivuta alama za mtu mmoja unatoka na darasa zima. Wanafunzi mmetawanyika, walimu nao wamekwenda kwao kungoja. Amebaki mmoja tu, yule mzee wenu wa somo la Ushahidi, mwenye miwani minene na koti la siku zote. Kila asubuhi anakuja anakaa kwenye ukumbi usio na paa, mwavuli mkononi, anasoma. Juzi msumari ulimwangukia karibu na mguu. Akainua kichwa akauliza nani kaudondosha. Mwenzangu akasema ni mimi. Mzee akamuuliza, "Umemwona, au umeambiwa?" Jamaa akakaa na nyundo hewani. Nimempenda mzee huyo papo hapo.

Haya, sasa yako. Wamekupokea huko? Nakuuliza kwa sababu nimeshatangaza. Mtaa mzima unajua kwamba chuo kipya kimekuchukua moja kwa moja mwaka wa tatu, na kwamba walikugombania na chuo kingine. Muuza mkaa alipiga makofi. Niandikie haraka kwamba ni kweli, nisije nikachekwa.

Mama anasema ule vizuri. Unajua yeye kusoma kwake kunaishia kwenye namba za futi yake ya kushonea, kwa hiyo barua zako nitamsomea mimi, kwa sauti yangu hii ya redio.

Ni mimi,
Bingwa wa Mapaa

*

Jumapili, 8 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kiatu, lakini imefika. Dereva aliniita mheshimiwa na kunisaidia kubeba ndoo. Sikumkatalia, ndoo ilikuwa nzito.

Humu ndani kuna karatasi mbili. Ile nyeupe ni ya Mama, msomee. Hii yenye mistari ni yako peke yako, na ukimsomea hii nitakuja kukuezua wewe.

Sijapokelewa.

Nilipofika, msajili alinisikiliza vizuri, akaniuliza matokeo yangu yako wapi. Nikamwambia yamegandana. Akaniuliza nani anaweza kuyagandua. Mwisho akasema hana ubaya na mimi, lakini mtu asiye na karatasi kwao ni mtu mpya, na mtu mpya huanza mwaka wa kwanza. Miaka miwili yangu yote, pamoja na ile mitihani niliyofanya nikiwa na homa, ionekane kama sikuwahi kukaa darasani. Nikamwomba anipeleke kwa wakubwa zake. Wamekubali kunisikiliza Ijumaa, tarehe 27, mbele ya jopo la watu watatu. Wanataka aje mwalimu aliyenifundisha, aseme kwa mdomo wake nilisoma nini na niliweza nini. Akikosekana, mwaka wa kwanza.

Nitakwambia ukweli ambao Mama hauhitaji kwa sasa. Wakinirudisha mwaka wa kwanza, narudi nyumbani. Siwezi kumwomba Mama aanze kukanyaga cherehani upya kwa ajili ya ada yangu. Nitatafuta kazi, basi.

Kwa sasa wananiruhusu kukaa nyuma darasani bila kuandikishwa. Chumba changu kiko nyuma ya tanuri la mikate, ukuta mmoja una joto kutwa nzima, nguo zangu zinakauka haraka na zote zinanukia mkate. Darasani wenzangu wakiona njaa wanageuka kuniangalia mimi.

Na wewe unaniambia Mwalimu wa Ushahidi anakaa chini ya miguu yako. Nimesoma mstari huo mara nyingi. Tafadhali shuka, msalimie kwa adabu, mweleze hali yangu ilivyo, umuulize kama anaweza kuja. Yeye haoni vizuri na sura za watu humpotea, itabidi umkumbushe mimi ni nani. Mweleze hali ilivyo, na usiongeze hata neno moja. Nakujua.

Mtaani pia, nyamaza.

Dada yako

*

Alhamisi, 12 Machi

Dada Wakili (bado nakuita hivyo, nishitaki),

Shikamoo. Karatasi nyeupe nimemsomea Mama. Ilikuwa fupi na haina utamu, umeandika kama mtu anayejaza fomu ya hospitali, kwa hiyo nimeiongezea nyama kidogo. Nimemsomea kwamba mkuu wa chuo mwenyewe alikuja kukupokea mlangoni, akashika begi lako. Mama alisimamisha cherehani akaniangalia, akasema nisome tena hapo kwenye begi. Nikasoma tena, mara hii begi likawa na magurudumu. Alicheka hadi pini zikamtoka mdomoni. Sasa niambie, kuna ubaya?

Mtaani nimenyamaza kama ulivyosema. Ila habari ilishafika kwa mama wa duka la vyombo, na yeye hajui kunyamaza, sasa wanasema unafundisha.

Tuje kwa mzee. Nilishuka wakati wa mapumziko nikampa shikamoo ya kuinama kabisa. Nikamweleza kuhusu msajili, jopo na tarehe. Akasikiliza akiwa amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema sura hazikumbuki, majina ndiyo kabisa, anachokumbuka ni mtu alibishana nini. Akaniuliza, "Dada yako alibishana nini?" Hapo nikakwama, nyumbani unabishana kila kitu. Nikamwambia ni yule mrefu, anayeongea taratibu, anayekunja uso akitaka kukumaliza. Akaanza kucheka peke yake. Akasema, "Ni yule wa saa ya ukutani."

Kumbe siku moja alijifanya shahidi darasani, wa baiskeli iliyoibwa, na ninyi mkamhoji. Wote walimuuliza kuhusu baiskeli. Wewe ukamwomba asome saa iliyo ukuta wa nyuma. Hakuiona hata mishale. Anasema katika miaka yake yote ya kufundisha hakuna aliyemwaibisha vizuri namna ile. Mbona nyumbani hukutusimulia? Ningekuwa mimi ningechapisha fulana.

Atakuja. Dereva wa magodoro amesema mzee atakaa mbele naye, na akichoka njiani atalala huko nyuma kama sultani. Sasa kazi iliyobaki ni kumweka sawa, maana mbali na ile saa hakumbuki mengi. Lakini usijali, kila mapumziko niko naye. Nimemtilia chumvi kidogo, ya kuonja tu.

Mikono yangu imekuwa migumu kama kisigino. Wasichana wanaopita chini wananitazama, au wanatazama paa. Siwezi kuapa.

Bingwa

*

Jumanne, 17 Machi

Bingwa,

Kwanza nimelia kidogo kwa furaha, kwamba atakuja, na kwamba anaikumbuka ile saa. Sikuwasimulia kwa sababu baadaye nilimwonea huruma. Nilidhani nimemkosea.

Pili, nimerudia ule mstari wa chumvi na furaha ikaniishia. Chumvi gani? Ulimwambia nini hasa, kuhusu somo gani, na yeye akajibu nini? Usinijibu kwa mzaha. Yule ni shahidi wangu wa pekee. Akisema mbele ya jopo jambo moja lisilo la kweli na wakaligundua, hawataamini hata lile la kweli.

Huku mambo si mabaya. Wiki iliyopita mwalimu wa mikataba aliuliza swali, darasa zima likaanza kutafuta kalamu zilizoanguka, nami nikasahau kuwa sijaandikishwa nikanyoosha mkono. Nilijibu mpaka mwisho. Akaniuliza jina langu ni lipi kwenye orodha yake, nikamwambia mimi simo. Akasema, "Basi wewe usiyekuwemo, kesho kaa mbele." Tangu siku hiyo wananiita Asiyekuwemo, na wananiazima madaftari yao bila kuomba. Kuna mmoja hunipigia hodi asubuhi ili tu anunue mkate ukiwa wa moto, halafu anajifanya amekuja kunirudishia kalamu.

Napapenda hapa. Ndiyo maana naogopa.

Nijibu, tena kwa dereva wa safari hii, kabla ya tarehe 27. Karatasi nyeupe ya Mama imo pia.

Dada yako

*

Jumapili, 22 Machi

Dada,

Shikamoo nyingi. Maswali yako nimeyapokea. Umeniandikia kama polisi. Ila kwa kuwa wewe ndiye dada na mimi ndiye mzuri wa sura, nitajibu.

Nilimwambia ulikuwa unasoma sana. Hilo kweli. Nilimwambia ukisoma husikii ukiitwa kula. Hilo pia kweli, nilikuwa nakula na chako. Akaniuliza mitihani yako ilikuwaje, nikamwambia ilikuwa safi. Akasema safi ni neno la sabuni, anataka kujua hasa. Sasa dada, mtu mzima, msomi, amevaa koti, ananiangalia na miwani yake, mimi niliyeachana na shule kidato cha pili kwa sababu tulichoshana. Ningemjibuje, sijui? Nikamwambia uliongoza. Akauliza somo gani. Nikachukua lile nililokuwa nalisikia sana mdomoni mwako kabla ya tufani, ulipokuwa unatembea chumbani na kitabu: sheria ya ardhi. Nikamwambia katika mtihani wa sheria ya ardhi uliongoza darasa zima, wa pili hakuonekana hata kwa mbali.

Hiyo ndiyo chumvi yote. Si ulisoma ardhi mpaka ukawa unaiota? Basi lazima uliongoza.

Na ninavyokwambia, imemkaa. Kila siku mapumziko ananiuliza habari zako, kila siku namwambia. Ijumaa yeye ndiye aliyenisimulia mimi. Alisimama kabisa, mwavuli begani, akaeleza jinsi mwanafunzi wa saa ya ukutani alivyoongoza mtihani wa ardhi, na jinsi walimu walivyoshangaa chumbani kwao. Hao walimu kushangaa sikumwambia mimi, amewaleta mwenyewe. Nikanyamaza nikamsikiliza, maana anasimulia vizuri kunishinda. Fundi mkuu aliacha kazi kusikiliza. Kwa hiyo tulia, shahidi wako yuko moto.

Mzee na dereva wanaondoka Jumatano. Nimemkabidhi dereva barua hii akupe mkononi. Mzee nimempa mto.

Tumeanza kupiga bati upande wa mashariki. Yaliyopigwa na mimi utayajua kwa kunyooka.

Bingwa wa Mapaa na sasa Mkufunzi wa Mashahidi

*

Jumamosi, 28 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako ya Jumapili nimeipata leo. Jopo lilikaa jana. Dereva alianza kwanza na magodoro ya hospitali, halafu ya hoteli, mwisho akakumbuka kuwa ana barua ya mheshimiwa. Soma hii ukiwa umekaa, na sio kwenye kenchi.

Safari hii karatasi ni moja tu. Ukimaliza, msomee Mama yote, kama ilivyoandikwa.

Walikuwa watatu nyuma ya meza: yule msajili, mwalimu wao wa sheria ya ardhi, na katikati mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ndogo inayofanya watu wainame kumsikia. Mwalimu wetu aliingia koti likiwa na manyoya ya godoro mgongoni. Akaulizwa kama ananifahamu. Akaeleza ile habari ya saa ya ukutani, vizuri, bila kuyumba, akataja mpaka upande saa ilipokuwa. Mwenyekiti alitabasamu. Akaeleza masomo tuliyosoma naye mwaka hadi mwaka. Moyo wangu ukaanza kushuka mahali pake.

Halafu msajili akauliza kuhusu masomo mengine. Mwalimu akajinyoosha. Akasema katika sheria ya ardhi niliongoza darasa zima, na kwamba walimu walishangaa.

Msajili akaandika. Mwalimu wa ardhi akaniangalia kwa heshima. Mwenyekiti akauliza, kama mtu anayefunga mlango tu, kama nina swali kwa shahidi wangu.

Mdogo wangu, ule mtihani haukufanyika. Ulikuwa ufanyike asubuhi ileile ya tufani. Tulifika getini na kalamu zetu, mlinzi akatufukuza turudi nyumbani, na paa lilikuwa tayari liko uwanja wa mpira. Mimi najua, darasa letu lote linajua, lakini mbele yangu hakuna hata mmoja aliyejua. Nilichotakiwa kufanya ni kusema sina swali. Neno hilo nilikuwa nalo mdomoni. Nilimwangalia yule mzee, amekuja safari yote ile kwa ajili yangu, amesimama pale anang'aa. Nikajiuliza, hivi mimi nataka kuwa mwanasheria wa namna gani. Miguu ilikuwa imeshasimama.

Nikamuuliza mtihani wa ardhi ulifanyika wapi. Akasema ukumbi mkubwa. Nikamuuliza siku gani. Akasema siku ya tufani, asubuhi, ndivyo ratiba ilivyokuwa.

"Mwalimu, asubuhi hiyo ukumbi ulikuwa na paa?"

Akafikiri. "Hapana. Lilikuwa limekwenda."

"Watahiniwa walikaa wapi?"

Hapo akavua miwani. Nje mtu alikuwa anafagia.

"Sikuwaona," akasema.

"Mimi uliniona nikifanya mtihani huo?"

"Sikukuona."

"Basi ulijuaje kwamba niliongoza?"

Akageuza miwani mkononi, mara upande huu, mara ule. Kisha akasema polepole, kama mtu aliyejikuta amevaa shati la mwenzake, "Niliambiwa. Na kijana mmoja. Alikuwa juu ya paa."

"Kijana huyo alikuwepo kwenye mtihani?"

"Alikuwa na nyundo," akasema mzee.

Yule mwalimu wa ardhi alijifunika uso kwa faili. Mimi sikucheka. Nikageuka kwa jopo nikaomba waliyoyasikia kuhusu mtihani wa ardhi wayaache kabisa, kwa sababu ni maneno ya kuambiwa, shahidi hakuyaona, na mtihani wenyewe haukufanyika. Na waliyoyasikia kuhusu saa ya ukutani na masomo aliyonifundisha mwenyewe nikaomba wayapokee, kwa sababu hayo aliyaona kwa macho yake, kwa kadiri yanavyoona.

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Mwalimu. Alicheka hadi akatafuta kiti. Akawaambia kwamba amefundisha wanafunzi wasilete mahakamani jambo la kuambiwa tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na leo amelileta mwenyewe, tena amelipamba, na amekamatwa na huyuhuyu aliyemkamata mara ya kwanza.

Msajili, yeye hakucheka. Akasema kwa hiyo mwanafunzi mwenyewe amekiri hana mtihani wa ardhi. Mwenyekiti akamjibu ndiyo, mtihani mmoja, na mtihani mmoja si miaka miwili. Kisha akaniuliza ni nani aliyenifundisha kumhoji shahidi namna ile. Nikamwonyesha Mwalimu kwa mkono.

"Basi," akasema mwenyekiti, "shahidi huyu tumemwamini."

Mwaka wa tatu. Mtihani wa ardhi nitaufanya hapa mwezi wa sita, chini ya paa. Jina langu limeandikwa kwenye orodha, nimeenda kuliangalia mara mbili. Wenzangu walikuwa wanangoja nje na mkate mzima wa moto, wameukata kwa rula. Sasa wanagombana waniite nani, maana Asiyekuwemo yumo.

Kijana wa nyundo, ukishuka huko juu tuna mazungumzo. Nilikwambia usiongeze neno. Lakini pia ni wewe uliyeshuka ukamsalimia mzee kwa kuinama, na bila hilo nisingekuwa na shahidi wa kumhoji. Kwa hiyo adhabu yako nimeipunguza.

Dada yako, mwanafunzi wa mwaka wa tatu

*

Ijumaa, 3 Aprili

Dada Mwaka wa Tatu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Hiyo ya kwanza ni ya kawaida, mbili ni za kuomba adhabu izidi kupungua.

Mzee wako amerudi. Aliposhuka tu kwenye lori hakwenda kwake, alikuja chini ya paa akaniita nishuke. Dada, nilishuka ngazi ile kama mtu anayeshuka kisimani. Nilidhani atanipiga na mwavuli. Akanipa mkono. Akasema katika maisha yake amehoji wezi, matapeli na wanasiasa, lakini shahidi wa hatari kama mimi hajapata kuona, maana mimi naaminika. Sijui kama ni sifa. Nimeichukua kama sifa. Ila tangu hapo nikifungua mdomo ananiuliza kutoka chini, niliona au niliambiwa, na kikosi kizima kimeiga. Juzi nilikuwa naanza kuwasimulia jinsi nilivyowahi kupiga bati kumi na nane bila kushuka, wakaniuliza kwa pamoja kama kwaya. Nikafanya kazi kimya mpaka saa tisa. Fundi mkuu alipanda kunigusa paji la uso kama nina homa.

Mtaani nilikimbia na barua yako mkononi, napiga kelele kwamba umechukuliwa, mwaka wa tatu, moja kwa moja. Unajua walinijibu nini? Wanajua. Niliwaambia mwenyewe tangu mwanzo wa mwezi wa tatu. Muuza mkaa akaniuliza mbona narudia habari za zamani. Mama wa duka la vyombo anasema alishasikia umepandishwa cheo. Nimebaki na habari kubwa kuliko zote maishani mwangu na hakuna mtu wa kushangaa.

Basi nikaenda kwa Mama.

Alikuwa anashona mapazia ya shule. Nikamwambia kuna barua, karatasi moja, ndefu. Nikakaa kwenye kigoda nikasoma kama ulivyoagiza, yote, kuanzia juu. Dada, yale maneno yako ni magumu. Kwenye watahiniwa niliteleza, nikarudi, nikateleza tena. Mwenyekiti na msajili niliwachanganya. Palipoandikwa paa lilikuwa uwanja wa mpira nilisoma vizuri, hapo napajua. Nilipofika kwenye miguu yako kusimama nikakwama, na hapo si kwa sababu ya ugumu wa maneno. Cherehani ilikuwa imenyamaza toka mstari wa kwanza.

Nilipomaliza nilingoja aniulize kwa nini tulimficha, kwamba ulikuwa hujapokelewa, na yale mambo ya mkuu wa chuo na begi la magurudumu yalitoka wapi. Nilishaandaa maelezo mazuri sana. Hakuuliza. Alivuta uzi, akaukata kwa meno, akasema, "Hii ndiyo barua yake."

Nikamuuliza kwani zile nyingine zilikuwa za nani.

"Za kwako," akasema Mama. "Ukisoma ya dada yako unajikwaa kila hatua. Ukisoma ya kwako unateremka kama maji. Ile ya mkuu wa chuo mlangoni hukukwama hata mara moja."

Nilitamani paa liondoke tena. Nikamuuliza sasa kama alijua siku zote hizo, mbona alinyamaza, mbona alicheka, mbona aliniambia nisome tena hapo kwenye begi. Mama akasema alijua kuna jambo huko, na alijua hutaki aumie, na mimi nilikuwa nasoma kwa furaha, angenikatizaje. Akasema usiku alikuwa anakuombea, mchana anacheka na barua zangu, na siku zikapita.

Halafu akavuta kiti akakisogeza karibu na dirisha, kwenye mwanga, akanionyesha nikae hapo. Akaniambia nisome tena kuanzia mwanzo, taratibu, na yale maneno magumu nisiyaruke.

Mdogo wako

(Yameandikwa yaliyoonwa tu. Bati kumi na nane pia ni kweli, ila wewe hukuwepo.)